Mfamasia Anajibu: Kichungu, Kitamu na Sukari ya Mama

Toleo lililopita niliandika kuhusu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari nikategemea maswali ya vidonda. Wapi! Karibu meseji zote zilizokuja ni za mitishamba, mlonge, msesewe, karela (ile mboga chungu), majani ya mpera, kokwa za parachichi, mpaka kuna mmoja kauliza maji ya bamia. Nikasema sawa, kama ndio mnachotaka basi tukae tuongee vizuri, maana naona kuna watu wako nusu ya safari ya kuacha dawa na hawajamwambia mtu.

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 62, tunaishi Majengo hapa Moshi, ana sukari mwaka wa sita sasa. Kuna mama mwenzake wa jumuiya kamwambia sukari ni kitu kitamu kwahiyo kinauawa na kitu kichungu, sasa kila asubuhi anakunywa juisi ya karela na jioni gome la msesewe lililochemshwa na mwarobaini. Chai ya sukari pia kaacha. Sukari imeshuka kutoka 14 mpaka 9 (mmol/L kwenye mashine) na sasa anataka kuacha dawa yake ya sukari, metfomini, anasema ni kemikali za wazungu zinaharibu figo. Nifanyeje? (Binti wa Majengo)

JIBU: Marahaba binti yangu, ila mimi sio daktari, ni mfamasia, nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa Arusha miaka mingi mpaka soli za viatu zinanijua.

Tuanze na huo uchungu maana naona ndio mzizi wa yote. Uchungu unaonjwa na ulimi, damu haina ulimi. Ukimeza kitu kichungu hakiendi kupigana na utamu kwenye mishipa kama maji na moto. Sasa usije ukaniambia "mbona kwinini ni chungu na inashusha sukari", ni kweli inashusha, wale mliowahi kuuguza mtu mwenye malaria kali mnajua manesi walikuwa wanapima sukari kila baada ya muda mgonjwa akiwa kwenye dripu ya kwinini. Lakini inashusha kwasababu inaisukuma kongosho imwage insulini, ile homoni inayoshusha sukari, na hiyo ni kazi ya molekuli yake, ladha haihusiki. Shubiri ya kumwachisha mtoto ziwa nayo ni chungu kuliko dhambi na hujasikia inatibu sukari kliniki.

Sasa hiyo metfomini anayoiita kemikali za wazungu. Kuna mmea wa huko Ulaya unaitwa galega, una maua ya zambarau, wafugaji waliujua kama majani ya mifugo (na kondoo wakila mwingi wanakufa), na waganga wao wa zamani walikuwa wanampa mtu anayekojoa kupita kiasi, ambayo ndio dalili yenyewe ya sukari ingawa wao hawakuiita hivyo. Ndani yake kuna kitu kinaitwa galegini. Miaka ya 1920 madaktari wakaijaribu kwa wagonjwa, sukari inashuka kweli lakini sumu yake ikawa kubwa, wakaachana nayo. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1922, wakemia wawili wa Dublin, Emil Werner na James Bell, wakatengeneza ndugu yake galegini ambaye ni mpole zaidi, huyo ndio metfomini, akakaa kabatini miaka zaidi ya thelathini mpaka daktari Mfaransa Jean Sterne alipoanza kuwapa wagonjwa na kuandika matokeo yake mwaka 1957. Akaipa jina la Glucophage, yaani mla glukosi. Wamarekani wenyewe walikuja kuanza kuiuza 1995, yaani juzi tu.

Kwahiyo mama anataka kuacha mtishamba uliosafishwa, ukapunguzwa sumu na ukapimwa miligramu kwa miligramu, ili abaki na mtishamba ambao leo kachemsha kiganja kimoja na kesho viwili. Mwambie hivyo hivyo kwa lugha ya mama na mtoto, usimwambie kwa ukali, akina mama wa huku ukiwakaripia wanakunywa kwa kujificha.

Kuhusu figo, metfomini haiharibu figo. Kilichopo ni kwamba inatoka mwilini kupitia figo, kwahiyo figo zikiwa zimeshachoka sana daktari anapunguza dozi au anaiondoa. Kinachoharibu figo ni sukari yenyewe kukaa juu miaka, na presha.

Karela sikatai, ina vitu. Ina charantini, ina protini fulani inayofanana kazi na insulini, na ukiwapa panya wa maabara sukari inashuka vizuri tu. Ila panya sio mama yako. Wataalamu wa Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya tafiti zote na kuzipima uzito, mwaka 2012 waliangalia karela kwa binadamu wenye sukari ya aina ya pili wakasema ushahidi hautoshi, tafiti zilikuwa chache na ndogo. Sio kwamba haifanyi kazi kabisa, hapana, ila huwezi kuitegemea peke yake ukaacha dawa. Akiila kama mboga na vitunguu aendelee, ni mboga nzuri na haina wanga wa kutisha.

Msesewe ndio unanipa wasiwasi. Wachaga wote tunaujua kwenye mbege, ndio unaoipa ule uchungu, na kwenye mbege unawekwa kidogo. Huu mti uko ukoo mmoja na mmea wa India uliotoa reserpini, dawa ya presha iliyotumika sana miaka ya 1950 na ambayo ilijulikana kuwaletea baadhi ya watu majonzi mazito na usingizi. Gome la msesewe lina alkaloidi, yaani kemikali kali za mimea, za ukoo huo huo. Sasa ukichemsha gome tupu ukanywa kikombe kila jioni, na kama mama anameza na dawa za presha juu yake, siku moja atasimama kutoka kwenye kiti aone dunia inazunguka. Huo aache.

Na hiyo 14 mpaka 9, binti, umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako kwamba kaacha chai ya sukari. Mtu aliyekuwa anaweka vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, akaacha, na metfomini bado anameza, unataka karela ndio ipewe kombe? Omba kliniki wampime kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, hicho hakidanganywi na kipimo cha asubuhi moja. Na aende na mfuko wa hizo dawa zake amwonyeshe daktari, asione aibu.

SWALI: Mambo vipi brother. Mzee wangu ana miaka 71 anatumia vidonge vidogo vya sukari vinaitwa glibenklamaidi, alafu kuna jamaa stendi anamuuzia unga kwenye kopo halina jina anasema ni mchanganyiko wa miti saba. Wiki mbili zilizopita saa kumi alfajiri tumemkuta ametota jasho, anaongea vitu havieleweki, tukadhani kalogwa au stroku. Jirani akampa soda akaamka. Ilikuwa nini? (Bodaboda wa Sakina, Arusha)

JIBU: Poa mdogo wangu, na huyo jirani mnunulieni soda nyingine, kawaokolea mzee.

Sukari ilishuka. Ikienda chini ya 4 mwili unaanza kulalamika, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, ikizidi mtu anachanganyikiwa kama mlevi, ikizidi zaidi ni degedege na kupoteza fahamu. Mkiona hivyo tena na anaweza kumeza, mpeni sukari vijiko vinne vya chai kwenye maji au nusu chupa ya soda ya kawaida, zile za "zero" hazisaidii kitu, pimeni tena baada ya dakika 15, alafu ale chakula. Akiwa hana fahamu msimmiminie kitu mdomoni ataingiza kwenye mapafu, mkimbizeni hospitali. Na hata akiamka mpelekeni, maana glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu, anaweza kuamka saa kumi na saa mbili akashuka tena. Kwa umri wake hiyo dawa yenyewe ni ya kujadiliwa na daktari wake, Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao ya dawa muhimu wanasema haiwafai watu wa zaidi ya miaka 60 na zipo nyingine za kundi hilo ambazo ni salama zaidi kwa wazee.

Sasa huo unga. Kuna mambo mawili yanawezekana. La kwanza ni miti saba kweli na kati yake kuna mmoja au wawili inashusha sukari kweli, ikapanda juu ya kidonge, mzigo ukawa mzito. La pili, na hili watu hawalijui, ni kwamba ndani ya unga kumesagwa vidonge vya hospitali. Hii sio stori ya kijiweni. Mwaka 2008 Singapore walianza kupokea hospitalini watu wasio na ugonjwa wa sukari kabisa lakini sukari imeshuka hatari, ndani ya miezi mitano wakafika 150, wanne wakafariki. Walipofuatilia wakakuta ni dawa za kuongeza nguvu za kiume za magendo, baadhi zinauzwa kama mitishamba, ndani zimechanganywa na glibenklamaidi. Hiyo hiyo ya mzee.

Ndio maana mimi mtu akiniambia "hii ya miti nimeinywa siku mbili tu sukari imeshuka" badala ya kufurahi nashtuka. Mti wa kawaida hauna haraka hivyo. Msiutupe huo unga, nendeni nao na kopo lake hospitali.

SWALI: Mimi ni Mmaasai wa Ngaramtoni. Babu zetu walikunywa maziwa na kula nyama na mafuta na hatukusikia kolestro wala moyo. Wazee wanasema siri ni mizizi na magome tunayoweka kwenye supu. Sasa daktari ananiambia kolestro yangu iko juu nipunguze nyama. Nani mkweli? (Baba wa watoto wanne)

JIBU: Hili swali limenifurahisha aisee, ningeweza kujaza gazeti zima.

Wazee wako walishaandikwa kwenye majarida makubwa ya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuja huku daktari Mmarekani anaitwa George Mann, alikuja kuwapima Wamaasai wa Tanganyika kwasababu ile ile uliyoisema, watu wanakunywa maziwa kwa lita na kula nyama, kwa hesabu za wakati ule walitakiwa wawe wanaanguka kwa moyo. Akakuta kolestro yao iko chini, chini kuliko ya Wamarekani wenzake, na magonjwa ya moyo hayaonekani. Kuna timu nyingine ikaja kuonyesha kwamba miili ya Wamaasai ina uwezo mkubwa wa kupunguza kolestro inayotengenezwa na ini pale inapoingia nyingi kwenye chakula. Hilo moja.

La pili ndio la wazee. Mtafiti wa Canada, Timothy Johns, na wenzake walikaa na Wamaasai na pia Wabatemi, hawa tunaowaita Wasonjo kule Ngorongoro, wakakusanya magome na mizizi inayowekwa kwenye supu na maziwa, olkiloriti ikiwemo, ile jamii ya mgunga. Wakakuta sehemu kubwa ya hiyo miti ina kemikali za mimea zinazoitwa saponini na fenoliki. Saponini ni ile kitu inayofanya gome likichemshwa litoe povu kama sabuni, umeliona mwenyewe juu ya sufuria. Kwenye utumbo inashikana na kolestro na nyongo, vinatoka na choo badala ya kurudi kwenye damu. Kwahiyo wazo la wazee lina mguu wa kusimamia, sio hadithi.

Lakini subiri. Mann huyo huyo alikuja kuchapisha mwaka 1972 matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki, na mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwepo, tena sio kidogo. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yao ilikuwa inapanuka kadiri wanavyozeeka, kwahiyo njia haikuziba. Yeye akaona ni kwasababu ya kutembea. Morani anatembea na ng'ombe kutoka asubuhi mpaka jioni, siku zote, maisha yake yote.

Sasa nikuulize kistaarabu baba, wewe kutoka Ngaramtoni mpaka mjini unaenda kwa miguu au kwa pikipiki? Na ile supu ya mzee ilikuwa na magome, mchana hakuna chipsi, hakuna soda, hakuna bia mbili za jioni. Wewe umebaki na nyama ya babu bila miguu ya babu. Daktari wako ni mkweli na wazee nao ni wakweli, walikuwa wanaongelea maisha mengine. Supu yenye olkiloriti endelea nayo ukipenda, kwa kiasi kile cha nyumbani, nyama choma ya kila siku punguza, na kama umeandikiwa dawa meza.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, Usa River. Nina kolestro, natumia simvastatini usiku. Nimesoma kwamba balungi linakata mafuta, kwahiyo kila asubuhi nakamua glasi kubwa, ninao mti nyumbani. Mwezi huu mapaja na mabega yananiuma kama nimelima. Ni uzee?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Acha balungi leo, na nenda hospitali leo au kesho ukawaambie hivyo hivyo ulivyoniambia, simvastatini, balungi, misuli inauma. Ukiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi usisubiri hata kesho.

Balungi halikati mafuta yoyote kwenye damu. Linachokata ni enzaimu kwenye utumbo ambayo kazi yake ni kuivunja simvastatini kabla haijaingia yote. Enzaimu ikizimwa, kidonge kimoja kinaingia kama vile umemeza kadhaa, na statini (ndio kundi la dawa za kolestro lenye simvastatini) ikizidi inashambulia misuli, misuli ikivunjika inaenda kuziba figo. Hili liligunduliwa kwa bahati tu mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari David Bailey wa Canada alikuwa anapima kama pombe inasumbuana na dawa moja ya presha, akatumia juisi ya balungi ili watu wasijue wamepewa pombe au hawakupewa, akashangaa dawa imepanda kwenye damu kuliko alivyotegemea. Kumbe ni juisi. Na usiseme nitakunywa asubuhi dawa ni usiku, enzaimu ikishazimwa inachukua siku nzima na zaidi kurudi. Atovastatini nayo inaguswa, ingawa sio kwa ukali huo. Zipo statini ambazo balungi halizigusi, daktari anaweza kukubadilishia ukabaki na mti wako.

Kwa mwalimu unayependa kusoma nikuongezee, statini yenyewe haikutoka kwenye mti, ilitoka kwenye ukungu. Mjapani Akira Endo alichunguza maelfu ya aina za kuvu miaka ya 1970 mpaka akapata mmoja wa ukoo wa penisilini unaozuia mwili kutengeneza kolestro.

Ukitaka mmea unaosaidia kolestro bila ugomvi na dawa, ni maharage, choroko, shayiri. Nyuzinyuzi zake laini zinashika nyongo tumboni na ini linalazimika kuvuta kolestro kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Kuna pia steroli za mimea, zinafanana na kolestro kiasi kwamba zinaigombania mlango wa kuingilia, gramu 2 kwa siku zinashusha ile kolestro mbaya karibu asilimia 10 au pungufu kidogo. Ila gramu 2 hazipatikani kwenye sahani ya kawaida hata ukila parachichi kutwa, nchi za wenzetu wanaziongeza kwenye siagi za mimea. Makande mwalimu, bila kumwagia mafuta, yatakusaidia kuliko hilo balungi.

SWALI: Baba mkwe analima kahawa Kibosho na anasema kahawa inazuia sukari. Anakunywa vikombe sita kwa siku. Kolestro yake iko juu. Kweli au anatetea zao lake?

JIBU: Vyote viwili. Tafiti nyingi za kufuatilia watu zimeona wanywaji wa kahawa wanapata sukari ya aina ya pili kwa uchache kuliko wasiokunywa, hata ile isiyo na kafeini, wanahisi ni asidi ya klorojeniki, ingawa hiyo haimaanishi aliyekwisha ugua itamponya. Upande wa pili, kahawa inayochemshwa na kunywewa bila kuchujwa na karatasi ina mafuta yanaitwa kafestoli, na hayo yanapandisha kolestro mbaya. Karatasi ya chujio inayakamata. Mnunulieni mzee karatasi za kuchujia, na sukari asiweke, mtakuwa mmemaliza ugomvi bila kumgusa zao lake.

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka 9, kagundulika sukari, anachomwa sindano mara nne kwa siku, analia mpaka na mimi nalia. Kuna mtu Machame kaniahidi unga wa mlonge na dawa ya kunywa, ila anasema tusimamishe sindano kwanza wiki mbili ili dawa ifanye kazi. Nijaribu?

JIBU: Hapana bibi. Shikamoo, na hapana.

Sukari ya mjukuu sio ile ya watu wazima. Kinga ya mwili wake imeua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, hakuna wa kusukumwa tena, kwahiyo hata mti wenye nguvu gani hauna pa kushika. Kabla ya insulini watoto wa namna hii walikuwa wanakufa wote, ndani ya miezi au mwaka mmoja na kidogo, mpaka Januari 1922 kule Toronto alipochomwa wa kwanza, kijana wa miaka 14. Ukisimamisha sindano hazifiki wiki mbili. Ndani ya siku chache ataanza kutapika, tumbo kuuma, kupumua haraka na kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyooza, alafu usingizi. Ukiona hata dalili mbili ni hospitali usiku huo huo.

Mlonge kwenye mboga mpe, ni majani mazuri. Badala ya sindano, kamwe. Kuhusu kulia, waambie kliniki wawaonyeshe kubadilisha sehemu ya kuchoma, tumbo, paja, mkono, na kama wanazo kalamu za insulini, sindano zake ni fupi na nyembamba. Mruhusu ashike mwenyewe siku moja moja bibi akiwa pembeni, wengi kilio kinapungua wakishika wenyewe.

Na huyo mtu anayesema acha sindano kwanza, bibi, hata kama ni ndugu, mkimbie.

HARAKA HARAKA

Aliyeuliza maji ya bamia (Kijenge): bamia kula. Ila kuna jaribio la panya lililochapishwa 2011 ute wa bamia ulizuia metfomini kuingia kwenye damu, kwahiyo usimezee kidonge na hayo maji.

Kokwa ya parachichi iliyosagwa: tafiti ni za wanyama na maabara. Nyama ya parachichi tunayo tele hapa Kilimanjaro, ina mafuta mazuri na nyuzinyuzi, kwanini uache nyama ule kokwa?

Mdalasini kijiko kizima kila siku: mwingi unaouzwa ni ule wa gome gumu nene, una kumarini, ukizidisha kwa muda mrefu ini linaumia. Kwenye chai tia, kama dawa hapana.

Vidonge vya beberini (kitu kinachotolewa kwenye mimea) vya kuagiza mtandaoni: hii kati ya zote ndio naiheshimu, tafiti ndogo za China zinaonyesha inashusha sukari na mafuta yote mawili. Lakini inagombana na dawa nyingi, na mjamzito na anayenyonyesha hairuhusiwi, inaweza kumletea mtoto mchanga manjano ya hatari kwenye ubongo.

SWALI LA MWISHO: Mwaka 2011 nilikwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapila nikanywa kikombe chake cha dawa kwa shilingi 500 kama wengine. Mti wa mugariga ulikuwa hapo hapo. Kwanini wataalamu wetu hawachukui miti yetu wakatoa dawa haraka, wanasubiri wazungu? (Mzee wa Njiro)

JIBU: Mzee wangu shikamoo. Mwaka ule nakumbuka, magari yaliisha mjini. Walionisumbua mimi ni waliorudi wakaacha vidonge, wengine walirejea kaunta baada ya mwezi sukari inasoma "HI", mashine imeshindwa hata kutaja namba.

Wataalamu wanafanya, Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili kabisa. Tatizo ni hilo neno lako, haraka. Chukua hizi dawa mpya za sukari zinazomwaga sukari kwenye mkojo, dapaglifozini na empaglifozini, kliniki za moyo na figo wanazipenda siku hizi. Zimetoka kwenye gome la mizizi ya mtufaa, mti wa yale matofaa (apple) mekundu tunayouziwa barabarani. Mwaka 1835 walitoa humo kitu kinaitwa florizini, na unajua kwanini walikipenda? Kilikuwa kichungu! Wakadhani basi kitatibu homa kama kwinini. Mwaka 1886 Mjerumani von Mering akampa mbwa, mbwa akaanza kukojoa sukari. Ikatumika kama kifaa cha maabara miaka na miaka mpaka wakaelewa figo inarudishaje sukari kwenye damu, wakatengeneza molekuli inayofanana, na dapaglifozini ikaruhusiwa Ulaya 2012. Hesabu mwenyewe, ni miaka 177. Mugariga na msesewe na olkiloriti ndio kwanza tuko kwenye panya.

Na kabla hujaagiza vijana wakakwangue mtufaa wa jirani, florizini ukiinywa inavunjwavunjwa tumboni kabla haijafika kwenye figo, utaua mti wa watu bure.